"Sheria itachukua mkondo wake": dhana iliyonichosha

Kila familia yetu, iwe ya Kongo, Burundi au pwani ya Kenya, inayofika ofisini kwangu hapa Marekani kwa sababu ya kijana aliyeumizwa au kuuawa na polisi, huja na mjomba. Mjomba husikiliza kimya, kisha hufunga mjadala: "Wakili, hatutaki makelele. Tukiandamana na kuita waandishi, tutaharibu kesi. Sheria itachukua mkondo wake."

Kwa heshima zote, mjomba, hapana. Huo mkondo hufunguliwa na mwendesha mashtaka wa kaunti, mtu ambaye katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura na ambaye kesi zake za kila siku huletwa na polisi haohao. Asipotaka kushtaki, faili hulala.

Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa miaka 25, alipigwa risasi na kufa karibu na Brunswick, Georgia, tarehe 23 Februari 2020, akiwa anakimbia mtaani. Waliomwandama kwa magari, raia watatu wazungu, yaani baba, mwanawe na jirani yao, walijulikana siku ileile. Mmoja wao aliwahi kuwa mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka, kwa hiyo mwendesha mashtaka wa kwanza akajitoa. Wa pili naye alijitoa, lakini kwanza aliandika barua kwamba hakuna sababu ya kumkamata yeyote. Kumbuka, video ya tukio polisi walikuwa nayo muda wote huo. Zaidi ya miezi miwili, kimya. Tarehe 5 Mei video ikavuja, watu wakaingia barabarani, wapelelezi wa jimbo wakapewa kesi. Tarehe 7 Mei baba na mwanawe wakatiwa pingu. Ushahidi ulikuwa uleule.

"Lakini baraza la mahakama, wale raia wanaoamua kesi, si litatishika?" Kwa kesi ya Arbery watu 1,000 walipelekewa wito, na waliofika wakahojiwa wamesikia nini, wameona nini, wana msimamo gani. Wakabaki 12, wazungu 11. Novemba 2021, baada ya ushahidi, wakawatia hatiani washtakiwa wote watatu.

Na kama kelele ndizo zinazoandika hukumu, basi nieleze ya Patrick Lyoya. Mkongo huyu wa miaka 26 alisimamishwa akiwa na gari lake Grand Rapids, Michigan, tarehe 4 Aprili 2022, wakakabana na afisa, akapigwa risasi ya kisogo akiwa kifudifudi. Wazazi wakazungumza na waandishi kupitia mkalimani, watu wakaandamana. Video ilitolewa tarehe 13 Aprili, afisa akashtakiwa kwa mauaji mwezi Juni. Mei 2025 baraza likashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akakataa kuirudia kesi. Maandamano yalisaidia kumfikisha kizimbani; pale kizimbani hayakuwa na kura.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Video ipo, tumeshinda." Muulize Rodney King. Dunia nzima ilimwona akipigwa na polisi wa Los Angeles mwaka 1991, na mwaka uliofuata mahakama ya jimbo haikumtia hatiani afisa hata mmoja.

"Waandishi watasema ukweli wetu." Siku ya kwanza mara nyingi huandika taarifa ya polisi. Taarifa ya kwanza kuhusu George Floyd, aliyeuawa na polisi Minneapolis mwaka 2020, ilitaja tatizo la kiafya, goti la afisa shingoni mwake halikutajwa. Tulilijua kwa simu ya binti wa miaka 17.

"Asiye raia hana haki ya kuandamana." Katiba inamlinda, ila kukamatwa hata kwa kosa dogo kunaweza kuvuruga faili lake la uhamiaji. Mimi huwaomba raia wa familia wasimame mbele.

Sasa, kabla ya mabango, barua. Kamera za duka huandika picha mpya juu ya za zamani, nyingine ndani ya siku chache tu. Wakili aandike leo kumtaka mwenye duka na idara ya polisi wahifadhi kila kitu. Kisha chagueni msemaji mmoja na mkalimani wenu wenyewe, si wa polisi. Na mjomba asiende laivu Facebook kusimulia marehemu alikuwa ametoka wapi usiku ule. Mawakili wa upande wa pili wanayo akaunti pia.