Wapagani nao waligombania mlango

Nafundisha masomo ya dini hapa Kisumu, na nimechoka kusikia kwamba upagani wa kisasa, yaani ufufuo wa ibada za miungu ya kale huko Ulaya na Marekani, ni dini isiyo na masharti, ndiyo maana wapenzi wa jinsia moja wanaikimbilia. Wanafunzi huniambia hivyo. Juzi nimehubiriwa hayo hayo ndani ya matatu ya Maseno.

Masharti yalikuwepo, na sharti zito lilihusu jinsia. Wicca, tawi la upagani huo lililotangazwa na Gerald Gardner nchini Uingereza, katika kitabu chake cha 1954, imesimama juu ya uwili wa mume na mke: mungu wa kiume na wa kike, kuhani wa kiume na wa kike. Hata mgeni akiingizwa, mwanamume huingizwa na mwanamke, na mwanamke na mwanamume. Kwenye ibada yenyewe mmoja hushika kisu, mwenzake kikombe, kisha ncha ya kisu huchovywa kwenye divai, na hakuna asiyeelewa maana yake. Sasa mwanamume anayempenda mwanamume ashike kipi?

Ndiyo sababu Eddie Buczynski, mfuasi wa Wicca, alianzisha Minoan Brotherhood, kundi la ibada la wanaume wapendao wanaume, mjini New York miaka ya 1970. Starhawk, mwandishi wa kipagani wa Marekani aliyeufundisha uwili huo katika kitabu cha 1979, aliukana mwenyewe miaka 10 baadaye.

Na msiniletee ndoa za mwanamke kwa mwanamke za Wanandi kama ushahidi kwamba mila za kale hazikujali jinsia. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari, huhesabiwa mume, na watoto wa mkewe hurithi mali yake. Uwili uko pale pale. Aliyehama upande ni yeye.

Linaloniuma ni la mwaka 2012, kwenye PantheaCon, kongamano la wapagani, San Jose, Marekani. Z. Budapest, kuhani wa kike aliyewakusanyia wanawake mahali pao pa ibada tangu 1971, aliongoza ibada ya wanawake wa kuzaliwa tu. Wanawake waliobadili jinsia hawakukaribishwa, na watu wakaketi kimya nje ya mlango kupinga. Mwanamke aliyeumizwa na wanaume ana haki ya kutafuta faragha, hilo nalikubali kabisa. Haki ya kumkana mwanamke mwenzake siioni. Lakini mpaka upite wapi? Sijaridhika na jibu lolote, langu likiwemo.

Mwaka huo huo Reclaiming, jumuiya ya kipagani ya Starhawk, ilibadilisha kanuni zake ili zitambue miungu ya jinsia nyingi. Waliolidai hilo walikuwa waumini wa siku nyingi, na walitaka kubaki.