Odi ndogo si uhakika

Swali limerudi tena wiki hii: "Kaka, timu ina odi ya -500, hiyo si pesa ya bure?" Si ya bure, na nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Manilaini ya Wamarekani ni kubeti mshindi tu. -150 ni timu inayopewa nafasi: weka 150 upate faida ya 100. +130 ni mnyonge: weka 100 upate faida ya 130. Kwa desimali tulizozoea, zinazozidishwa na dau lako, ni 1.67 na 2.30. Hapo sikai.

Geuza sasa ziwe asilimia za nafasi ya kushinda. 150 gawa kwa 250 ni 60. 100 gawa kwa 230 ni 43.5. Jumla 103.5, na mechi ya kikapu haina sare! Hiyo 3.5 ni cha juu cha kampuni, kimeshakatwa kabla mpira haujarushwa. Ukikitoa, ile 60 inabaki 58.

Kinachonikera hasa ni mkeka (timu kadhaa kwenye beti moja, zote lazima zishinde) wa "tano za uhakika", kila timu 1.20, yaani ile -500. Odi hiyo inasema asilimia 83. Zote tano kushinda? Zidisha 0.833 yenyewe mara tano, unabaki na asilimia 40. Yaani mkeka wa uhakika una nafasi kubwa ya kuchanika kuliko kutiki, na cha juu bado sijakigusa. Tuseme nafasi halisi ya kila timu ni 80: mkeka unatiki kwa asilimia 33 tu, odi yake 2.49. Kila shilingi 1,000 inarudi kama 815 kwa wastani. Kila timu unayoongeza inakuja na cha juu chake, nacho kinazidishwa pamoja na odi. Ndiyo maana kampuni zinakupa bonasi urefushe mkeka.

Ila asilimia zenyewe nazo zina mashaka. Februari 1990, kasino ya Mirage, Las Vegas, ilimpa bondia Buster Douglas 42 kwa 1 dhidi ya Mike Tyson. Kwa manilaini ni +4200, asilimia 2.3. Akamwangusha Tyson raundi ya 10 kule Tokyo. Odi ilikosea? Vitabu vya kubeti huziandika asilimia hizi kana kwamba zimepimwa kwenye mizani, lakini pambano lile lilipigwa mara moja. Odi unaweza kuzihukumu zikiwa maelfu. Moja peke yake haihukumiki. Tena odi hufuata fedha za wanaobeti, na jina la Tyson wakati ule lilivuta fedha nyingi. Ndani ya ile 2.3, kiasi gani kilikuwa uwezo wa Douglas na kiasi gani sifa za Tyson, hakuna hesabu inayoweza kuvitenganisha.