Leya bila faili la mtindo itarudishwa: ufafanuzi kwa wanaowasilisha ramani za vijiji

Msimu huu wa kupokea mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, meza yetu imerudisha mawasilisho mengi, na mengi yana kasoro moja: ramani iliyochapwa ina rangi zake, leya (tabaka za data za ramani) zilizoambatanishwa hazina. Wanaorudishiwa wanalalamika kwamba kwenye kompyuta zao kila kitu kinaonekana sawasawa. Wanasema kweli, na ndiyo maana tumeona tufafanue.

Leya hubeba maumbo na jedwali la sifa. Rangi, unene wa mistari, alama na maandishi hukaa kwingine. Shepufaili, muundo wa faili unaotumika sana kuhifadhi leya, hata ukileta .shp, .shx, .dbf na .prj zote nne kama inavyotakiwa, haina mahali pa kuweka rangi. QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ikiifungua huipa rangi moja yoyote. Hivi karibuni tulifungua leya ya kijiji kimoja: makazi, mashamba, malisho, hifadhi ya msitu na chanzo cha maji, vyote vya waridi. Mkaguzi atajuaje malisho yanaishia wapi na msitu unaanzia wapi bila kubofya kipande kimoja kimoja? Rangi za mpangaji zilikuwa kwenye faili la mradi, .qgz, lililobaki kwenye laptop yake.

Kwa watumiaji wa QGIS, faili la mtindo, yaani linalobeba rangi na alama, tunalolitaka ni .qml. Lihifadhi kutoka kwenye sifa za leya, lipe jina lilelile la leya na uliweke kwenye folda ileile. Matumizi.shp ikiwa na Matumizi.qml pembeni yake, QGIS hulisoma lenyewe.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Mtindo wa makundi, yaani rangi moja kwa kila aina ya matumizi, hutegemea jina la safu ya jedwali la sifa na maneno yaliyomo. Ukiandaa rangi kwa safu ya matumizi_ya_ardhi, kisha ukahamishia data kwenye shepufaili, jina hukatwa kwenye herufi ya 10 na kubaki matumizi_y. Faili la mtindo linaendelea kutafuta jina refu, halilioni, na kijiji kizima hakichorwi. Vivyo hivyo kama jedwali lina "malisho" na mtindo una "Malisho": kipande hicho hakionekani. Fungua .qml kwa programu ya kawaida ya maandishi. Ni XML, yaani maandishi ya kawaida yenye alama, na majina hayo utayaona kwa macho yako.

Wengine wanatuletea .qlr (ya QGIS) au .lyr (ya ArcMap, programu ya ramani ya zamani ya kampuni ya Esri) peke yake wakidhani wameleta ramani. Mafaili hayo yana rangi pamoja na anwani ya mahali data ilipo. Data yenyewe haimo. Anwani ikisema D:/Kazi/Kijiji, kwetu hakuna D ya namna hiyo.

Watumiaji wa ArcGIS Pro, programu ya Esri iliyochukua nafasi ya ArcMap, walete .lyrx, faili lake la mtindo, pamoja na data, au kifurushi cha .lpkx chenye vyote viwili. ArcGIS Pro hufungua .lyr za zamani, lakini ArcMap haifungui .lyrx. Esri ilitangaza kuwa mwisho wa msaada kwa ArcMap ni tarehe 1 Machi 2026, kwa hiyo wenye maktaba za .lyr wazihamishe. Na tafadhali, kubadilisha jina la faili kutoka .lyrx kuwa .qml hakubadilishi kilichomo. Tumeshalieleza hili dirishani mara nyingi mno.

SLD, kiwango cha mitindo cha OGC (shirika la viwango vya data za ramani) cha tangu 2002, inafaa kwa ramani za mtandaoni, hasa kwenye GeoServer, programu ya kusambaza ramani mtandaoni. Lakini QGIS ikihifadhi kwa SLD baadhi ya mambo hupotea, kama vile namna za kuchanganya rangi. Usiilete peke yake.

Njia tunayoipendekeza ni GeoPackage, muundo wa faili wenye kiendelezi cha .gpkg: data zote kwenye faili moja, majina marefu hayakatwi, na QGIS huweza kuhifadhi mtindo humohumo kwenye jedwali la layer_styles. Kumbuka kuuweka kuwa mtindo wa msingi, ili huo ndio ujifungue wenyewe. ArcGIS itasoma data hizo bila mitindo.

Kuhusu utaratibu: wasilisho lenye kasoro linajaziwa fomu ya marejesho, linasainiwa na mpokeaji na mkaguzi, kisha mwasilishaji anaarifiwa kwa barua. Linapoteza nafasi yake kwenye foleni. Likirudi linaandikishwa upya, na linakaguliwa lote, siyo leya iliyokosewa tu. Likirudishwa mara ya tatu, barua inakwenda kwa mkurugenzi aliyemtuma mpangaji. Picha ya skrini kwa WhatsApp haihesabiwi kuwa marekebisho, wala PDF haichukui nafasi ya leya.

Kabla ya kuja, nakili folda kwenye flashi, uifungue kwenye kompyuta ya mwenzako ambayo haijawahi kuuona mradi wako. Shika ramani iliyochapwa mkononi. Zikilingana rangi kwa rangi, leta.