Swali la Mwanjelwa: kwa nini tunasherehekea kuzaliwa kwa Mwokozi

Kila Desemba, mvua zikishashika huku Mbeya na watu wakihangaika na kupanda mahindi, swali lilelile hunifuata. Mwaka jana lilinikuta sokoni Mwanjelwa, katikati ya akina mama waliokuwa wakiwapimishia watoto nguo za sikukuu. Kijana wa kwaya niliyewahi kumfundisha alinisogelea. "Shikamoo mwalimu. Hivi hii Krismasi imeandikwa wapi kwenye Biblia? Nasikia tarehe 25 ilikuwa sikukuu ya jua ya Warumi."

Marahaba, nikamwambia, na tarehe haijaandikwa popote. Nimefundisha historia ya kanisa miaka mingi na sina haja ya kulificha hilo. Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa, ila hakuna anayetaja mwezi wala siku. Wakristo wa kwanza walishika Pasaka. Siku ya kuzaliwa hawakuijali sana, na wengine waliidharau waziwazi: Origeni, mwalimu mkubwa wa karne ya 3, aliona kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu ya kuzaliwa kwao ni watu kama Farao na Herode.

Habari ya jua nayo haikuzuliwa. Mwaka 274 Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini Roma. Halafu kuna kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, yenye orodha ambayo inaonekana ilitungwa mwaka 336, inayosema Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea tarehe 25 Desemba. Kalenda hiyohiyo inaiweka sikukuu ya Jua siku ileile. Miaka yangu ya mwanzo darasani nilikuwa nikisema kwa kujiamini kwamba kanisa lilichukua sikukuu ya wapagani likaibatiza, basi. Siku hizi siwezi kuapa hivyo. Wakristo wa Magharibi walikuwa na hesabu yao: waliamini Yesu alisulubiwa tarehe 25 Machi, na kwamba alitungwa mimba tarehe hiyohiyo. Ongeza miezi tisa. Upande wa Mashariki wengine walianzia tarehe 6 Aprili, wakafika 6 Januari, siku ambayo Kanisa la Armenia linaadhimisha kuzaliwa kwa Bwana hadi leo. Kati ya jua na hesabu, kipi kilitangulia? Wataalamu bado wanavutana, na mimi naegemea hesabu.

Lakini tarehe ndiyo sehemu nyepesi ya swali. Sehemu nzito ni hii: kwa nini kuzaliwa? Mwokozi anaokoa kwa kufa na kufufuka, ndivyo tunavyohubiri. Mtoto mchanga ameokoa nini?

Turudi kwa Luka. Anaanza sura ya pili na Kaisari Augusto, na wengi wetu tunausoma mstari huo haraka ili tufike kwa wachungaji. Msomaji wa siku zile asingeupita hivyo. Kuna tangazo lililochongwa kwenye jiwe huko Priene, katika Uturuki ya leo, la mwaka wa 9 hivi kabla ya Kristo. Linamsifu Augusto kuwa mwokozi aliyekomesha vita, linasema siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu, na wakuu wa jimbo wanaifanya siku hiyo, tarehe 23 Septemba, kuwa mwanzo wa mwaka. Mwokozi, kuzaliwa, habari njema: maneno yote yalikuwa tayari mjini, na mwenyewe alikuwa Kaisari. Kisha malaika wa Luka anawaambia watu wanaolala nje na kondoo: "Maana leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi, ndiye Kristo Bwana." Anayehesabu watu ili awatoze kodi ametajwa, na mwokozi ni mwingine. Ukisherehekea siku hii umeshachagua upande, ingawa pilau inatusahaulisha.

Na huyu Mwokozi amelazwa katika hori. Hapa nina ugomvi mdogo na tafsiri yetu. Inasema nafasi haikuwapo "katika nyumba ya wageni", na mkazi wa Mbeya akisoma hivyo anaona gesti ya stendi, mhudumu akitikisa kichwa kwamba vyumba vimejaa. Neno la Luka ni katalyma, lilelile analolitumia kwa chumba ambamo Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Anapotaka kusema nyumba ya kupanga, kama ile aliyopelekwa majeruhi wa Msamaria mwema, anatumia neno lingine kabisa, pandokheion. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba Yusufu na Mariamu walifikia kwa ndugu, chumba cha wageni kikawa kimejaa, wakalala na wenyeji sehemu ya kawaida ya nyumba. Nyumba nyingi za vijijini kule ziliwaweka wanyama ndani usiku, na hori ilikuwa humohumo.

Nilipolieleza hili kwenye semina moja Tukuyu, vijana walishangaa. Mzee mmoja, aliyekulia katika nyumba ya zamani ya Kinyakyusa ambamo ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, alicheka tu. "Sasa walitaka mtoto alazwe wapi, kwenye baridi?" Sijapata ufafanuzi bora wa Luka 2:7.

Mzee alikuwa amegusa hoja yenyewe bila kujua. Karne ya 4, sikukuu ilipokuwa inaenea, kanisa lilikuwa katikati ya mabishano makali juu ya huyu aliyezaliwa ni nani. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulikiri kwamba ni Mungu kweli. Mabishano yaliyofuata yaligeukia upande wa pili: je, ni mtu kamili, mwenye akili na nafsi kama zetu? Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne hiyohiyo, alijibu kwa maneno machache ambayo huwa nawaambia wanafunzi wayashike kichwani: kisichotwaliwa hakijaponywa. Kama Mwokozi hakuwa na mwili unaosikia baridi, baridi yetu haijaguswa. Kama hakupita utotoni, utoto wetu umebaki nje ya wokovu. Yohana alikuwa ameshalisema: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Kwa maelezo haya wokovu hauanzi Ijumaa Kuu. Unaanzia tumboni mwa Mariamu, na msalaba unafuata njia iliyofunguliwa pale. Hicho ndicho tunachosherehekea, iwe tarehe 25, iwe 6 Januari, iwe 7 Januari kama Waethiopia.

Wamoravian, wamisionari wa Kiprotestanti waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na imani hiyo ikiwa imeshapata umbo la mshumaa. Mwaka 1747, huko Marienborn Ujerumani, kiongozi wao Johannes de Watteville alimpa kila mtoto kanisani mshumaa uliofungwa utepe mwekundu: mwanga kwa ajili ya kuzaliwa, wekundu kwa ajili ya damu. Mtoto alitoka na hori na msalaba mkononi mwake, bila mhadhara wangu huu mrefu.

Yule kijana pale Mwanjelwa alinisikiliza mpaka bodaboda wakaanza kutupigia honi tuwapishe. Akauliza tena, "Kwa hiyo mwalimu, wanaokataa kusherehekea wanakosea?" Nikamwambia hapana, mbona kanisa lenyewe lilikaa karne kadhaa bila sikukuu hii na lilikuwa na Mwokozi yuleyule. Akaonekana kukata tamaa kidogo. Nadhani alitaka jibu la kwenda kumshinda nalo mtu. Mkesha wa mwaka huu ushirika umenipangia mimi mahubiri, naye ataimba. Nitaanzia kwenye hori, na nimeshamwomba yule mzee wa Tukuyu ruhusa ya kutumia swali lake.