Kabla ya kupima jeni, tazama flajela

Seli ya Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa kijani wa seli moja, ina upana wa mikromita 10 hivi. Ndani yake mna kloroplasti moja kubwa yenye umbo la kikombe, kiini, na doa dogo la rangi ya chungwa linaloisaidia kujua mwanga unatoka wapi. Mbele hutokeza flajela mbili, yaani mikia myembamba ya kuogelea, kila moja ikiwa na urefu wa mikromita 10 hadi 14, ambazo hupiga maji mara 50 hivi kwa sekunde kama mikono ya mtu anayeogelea kifudifudi. Kwa mwendo huo seli hupita takriban mikromita 100 kila sekunde, yaani mara kumi ya upana wake.

Mimi huchunguza namna seli hii inavyokabili dhiki: chumvi, asidi, joto, mwanga mkali, ukosefu wa virutubisho. Wengi wanaoingia katika kazi hii hukimbilia kupima jeni, na ninaelewa kwa nini. Jenomu ilichapishwa mwaka 2007, ina jeni takriban 15,000, na mashine za kusoma ARN, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, zipo. Lakini wote nawaambia waanze na flajela. Hadubini ya kawaida inatosha, na baada ya muda mfupi utajua kama seli zimeshtuka, zimejifungia, au zinaendelea na shughuli zao za kila siku. Anayepima jeni bila kujua hilo hupata orodha ndefu ya majibu ya swali asilolifahamu.

Jambo la kwanza ni kujua flajela zimepotea vipi, maana ziko njia mbili na hazifanani hata kidogo.

Njia moja ni kupukutisha. Ukishusha pH ya maji (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi inapozidi) hadi kama 4.5 kwa asidi asetiki, seli hukata flajela zote mbili kwa sekunde chache, nawe utaziona zikielea zenyewe. Watu hudhani asidi ndiyo iliyozichoma. Sivyo. Asidi dhaifu ya aina hii hupenya utando na kushusha pH ya ndani ya seli, kisha milango ya kalsiamu hufunguka na kalsiamu ya nje hufurika ndani. Kalsiamu ndiyo inayotoa amri. Mkato hutokea mahali pamoja tu, juu kidogo ya shina la flajela, na utando hujifunga palepale ili seli isivuje. Kwamba hili ni tendo la seli yenyewe tunalijua kutokana na seli zenye mutasheni, yaani jeni zilizobadilika. Zile zenye hitilafu katika jeni FA1 au FA2 hubaki na flajela zao hata kalsiamu ikiingia. Zenye hitilafu katika ADF1 haziitikii asidi, kwa kuwa kwao kalsiamu haiingii. Joto kali, pombe na msukosuko wa nguvu navyo vinaweza kuzifanya seli zipukutishe.

Seli iliyopukutisha haifi. Rudisha pH mahali pake, na visiki huanza kuchipua. Baada ya saa moja na nusu au mbili flajela zimekaribia urefu wa awali. Mwanzoni hukua haraka, kisha kasi hupungua kadiri urefu unavyotimia. Mwaka 1969 Joel Rosenbaum na wenzake walichapisha majaribio ambayo mpaka leo nawapa wanafunzi wayarudie. Walizuia seli zisitengeneze protini mpya kwa kutumia sikloheksimidi, na flajela zikaota hata hivyo, hadi karibu nusu ya urefu. Maana yake seli huwa na akiba ya protini za flajela. Kisha walichunguza seli zilizopoteza flajela moja tu. Ile nzima ilifupika huku iliyokatika ikirefuka, zikalingana, ndipo zikaendelea kukua pamoja. Sichoki kulitazama jambo hili. Seli isiyo na ubongo wala mishipa ya fahamu inalinganisha urefu wa viungo vyake viwili na kugawa akiba kati yao!

Akiba hiyo hufikaje nchani? Ndani ya flajela hamna ribosomu, vile viwanda vidogo vya kutengeneza protini, kwa hiyo kila protini lazima isafirishwe kutoka mwilini mwa seli. Mwaka 1993 Keith Kozminski, aliyekuwa katika maabara ya Rosenbaum huko Yale, pamoja na wenzake, walieleza jinsi chembechembe zinavyopanda na kushuka bila kukoma chini ya utando wa flajela. Kinesini, protini ya uchukuzi, huzipeleka nchani kwa kasi ya mikromita 2 hivi kwa sekunde, na nyingine, daineini, huzirudisha kwa kasi kubwa zaidi. Protini huongezwa nchani na kuondolewa nchani, hivyo flajela inayoonekana kutulia kwa urefu wake hujengwa na kubomolewa wakati wote. Protini mojawapo ya usafiri huo, IFT88, ilionekana mwaka 2000 kuwa jamaa wa protini yenye hitilafu katika panya wa maabara wenye figo zilizojaa vifuko vya maji. Tangu hapo watafiti wa figo husoma kazi za watu wa mwani, na mimi hulifurahia sana hilo.

Njia ya pili ya kupoteza flajela ni kuzirudisha mwilini. Hapa hamna mkato, wala flajela zinazoelea. Mirija midogo inayounda flajela huvunjwa kuanzia nchani na vipande vyake hurudi ndani, flajela ikifupika polepole kwa nusu saa au zaidi. Seli inayojiandaa kugawanyika hufanya hivyo kila mara, kwa sababu vile vijiti vya msingi vinavyoshikilia flajela vina kazi nyingine wakati wa mgawanyiko. Ukizikuza kwa saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, mgawanyiko huangukia karibu na kuingia kwa giza. Mtu anayechukua sampuli saa hiyo ataona seli zisizo na flajela na kuandika kwamba dawa yake imezidhuru, kumbe zinazaliana tu.

Chumvi ikizidi kiasi bila kufikia ya kuua, hutokea jambo jingine. Seli hugawanyika, lakini seli-binti hazitoki. Hubaki pamoja ndani ya ukuta wa mama, zimezungukwa na ute, na haziogelei. Makundi ya namna hiyo huonekana pia penye viumbe wadogo wanaokula mwani. Chupa iliyojaa makundi haya hutulia chini na kuonekana kama imekufa. Haijafa. Ipe maji mazuri, nayo makundi huachana na seli zikaogelea tena.

Nisieleweke kwamba kila dhiki huondoa flajela. Seli zikinyimwa nitrojeni, klorofili hupungua, wanga na matone ya mafuta hujazana, ribosomu nyingi huvunjwa ili nitrojeni yake itumike kwingine, na bado zinaogelea. Zinazihitaji flajela sasa kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa zimegeuka gameti, yaani seli za uzazi: flajela za gameti za aina mbili tofauti hunatana zinapogusana, na bila kunatana huko hamna zigoti, seli inayotokana na muungano wa gameti mbili. Zigoti huogelea kwa muda na flajela nne, kisha huzipoteza na kujenga ukuta mnene unaostahimili ukavu na baridi. Anayesema "zinaogelea, basi hazina dhiki" ataikosa dhiki hii nzima.

Mwanga nao una mambo yake. Ukizidi, kloroplasti hutengeneza LHCSR3, protini inayosaidia kuitoa nishati ya ziada kama joto kabla haijaleta madhara. Flajela kwa upande wake huitikia papo hapo. Mmweko wa ghafla wa mwanga huingiza kalsiamu ndani ya flajela, mapigo hugeuka mawimbi, na seli hurudi nyuma kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kinachonivutia zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na watafiti wa Japani: seli zilizopewa kemikali zenye oksijeni kali, yaani aina za oksijeni zinazoweza kudhuru seli, ziliufuata mwanga, na zilipopewa kemikali za kuiondoa oksijeni hiyo ziliukimbia. Wengi tungebashiri kinyume chake. Kwa maoni yangu, huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba hali ya kemia ndani ya seli huamua flajela zielekee wapi.

Ninapopima, nachukua sampuli saa ileile ya mwanga kila siku, kwa pipeti yenye mdomo mpana, kwa sababu kuvuta kwa nguvu kunaweza kukata flajela. Kwanza natazama seli hai kwenye hadubini: zinaogelea, zinatetemeka mahali pamoja, au zimetulia? Kisha naweka tone la myeyusho wa iodini, ambalo huua seli na kugandisha flajela zilivyo, na napima urefu wake katika seli 50 kwa kila chupa. Wastani peke yake haunitoshi. Chupa ambayo nusu ya seli zina flajela za mikromita 12 na nusu hazina kabisa huwa na wastani sawa na chupa ambayo seli zote zina mikromita 6, na hizo ni habari mbili tofauti.

Mwisho nazihamishia seli hai zilizobaki chupani kwenye maji mapya yenye virutubisho, chini ya mwanga wa wastani, natikisa taratibu, na kurudi baada ya saa mbili. Flajela zikitimia, seli zilikuwa na dhiki ya kupita. Zikikwama karibu na nusu ya urefu, nashuku kwamba akiba ilikuwapo lakini utengenezaji wa protini umezuiwa. Hapo ndipo naona ARN inafaa kutolewa: nazikata flajela upya na kuitoa ndani ya saa ya kwanza, kwa kuwa katika saa hiyo seli yenye afya huongeza sana ARN za tubulini, protini inayojenga mirija ya flajela, na za protini nyingine za flajela, na seli iliyodhurika huonyesha tofauti.