Pozishona ya valvu ya umeme ni nini, na signali ikisumbua uanzie wapi

Pozishona ni ile bodi ndogo inayokaa ndani ya aktueta ya umeme (kile kifaa chenye mota kinachozungusha valvu), na kazi yake ni kulinganisha vitu viwili tu: signali ya kontrola (kifaa kinachotoa amri) inayosema valvu iwe wapi, na potenshiometa (kizuizi cha umeme ambacho omu zake zinabadilika valvu ikizunguka) inayosema valvu iko wapi saa hii. Vikitofautiana inawasha mota kufungua au kufunga, vikilingana inazima. Haijui kingine! Ndo maana valvu ikigoma watu wanakimbilia kubadilisha bodi, alafu bodi mpya nayo inafanya vilevile, manake shida haikuwa kwake.

Signali yenyewe mara nyingi ni mkondo wa mA (miliampia) 4 hadi 20. Kwenye 4 valvu imefunga, 12 iko nusu, 20 iko wazi kabisa, labda kama imesetiwa kinyume. Sasa kwa nini isianzie 0? Kwa sababu waya ukikatika mita inasoma 0, na kama 0 ingemaanisha pia "funga" usingejua valvu imeamrishwa kufunga au waya umekatika. Mi naona hiki ndo kitu cha kushika kuliko vyote, ukisoma 0 achana na bodi kwanza, fuata waya, angalia fyuzi, skrubu zilizolegea, chanya na hasi zilizogeuzwa, na kama kontrola yenyewe inatoa kitu.

Kwenye kupima ndo wengi tunaharibu. Mita ya ampia inaingia katikati ya waya, yaani unachomoa waya mmoja ili mkondo upite ndani ya mita. Ukiibandika juu ya terminali mbili za pozishona, signali inapita kwenye mita na pozishona haipati kitu, valvu inahama mtambo ukiwa unafanya kazi, na hiyo ni hatari kabisa. Kwa hiyo ongea na operata kabla hujagusa, maana signali ikipotea valvu zingine zinafunga, zingine zinafungua, zingine zinabaki zilipo, inategemea zilivyosetiwa. Kama hutaki kuchomoa waya pima volti: ingizo likiwa na omu 250, mA 12 zinatakiwa zikupe volti 3.

Signali ipo na valvu bado haifuati? Cheki viswichi vya kuchagua aina ya signali, unaweza kukuta bodi imewekwa kwenye volti wakati unailisha miliampia.

Alafu kuna valvu inayoyumba, mbele nyuma mbele nyuma, mpaka mota inapata joto na kinga yake inakata, we unadhani signali imepotea kumbe mota imezimwa na joto. Hapo chomoa waya za kontrola, lisha mA 12 tulivu kutoka kwenye kalibreta (kifaa cha kutoa signali ya kujaribia). Ikitulia, tatizo liko nje, ni kontrola iliyosetiwa kwa pupa au waya wa signali umelala pamoja na nyaya za mota, au shildi yake (ganda la chuma la kukinga signali) imefungwa ethi pande zote mbili badala ya upande mmoja. Ikiendelea kuyumba basi liko ndani, ongeza kidogo dedibendi (tofauti ndogo ambayo bodi inaivumilia bila kuwasha mota), na ikigoma zima umeme, chomoa waya za potenshiometa, weka mita kwenye omu kati ya waya wa katikati na mmoja wa pembeni, zungusha valvu kwa mkono taratibu toka mwanzo mpaka mwisho. Omu zinatakiwa zipande au zishuke polepole bila kuruka, zikiruka sehemu moja hapo potenshiometa imelika, badilisha hiyo kisha kalibreti upya mwisho wa kufunga na wa kufungua.