Jani la manjano dirishani: maswali na majibu kabla hujashika bomba la dawa

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii hapa Kampala, VHT kama tunavyoitwa huku. Majirani zangu wametoka Busia, Arua, Goma na kwingine, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha uani. Wengi wanaotesha dodo (yaani mchicha), nakati (mboga nyingine ya majani), sukuma wiki na nyanya ndani ya vyumba vyao vya kupanga, kwenye makopo, mabeseni yaliyopasuka na magunia. Kila wiki mtu ananiita nione jani lililobadilika rangi. Nimekusanya hapa maswali wanayoniuliza zaidi, kwa sababu nimeona jinsi jani moja la manjano linavyoweza kuingiza sumu katika chumba wanamolala watoto.

Jani limegeuka manjano. Nianze kuangalia wapi?

Angalia kwanza ni jani gani: la chini au la juu. Kabla ya hapo usinunue chochote.

Mche ukikosa naitrojeni huyanyonya majani yake ya zamani ili kulisha chipukizi. Ndiyo maana manjano huanzia chini, na jani hupauka lote, vishipa na nyama yake. Madini ya chuma hayahamishiki namna hiyo. Yakikosekana, chipukizi ndilo linaloumia: linakuwa la manjano huku vishipa vimebaki kijani, kama mito kwenye ramani. Ukiona vishipa vya kijani namna hiyo lakini kwenye majani ya chini, fikiria magnesiamu. Kingo zilizoungua kwenye majani ya chini huonyesha potasiamu imepungua. Ila ncha zikikauka muda mfupi baada ya kutia mbolea ya dukani, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, basi umezidisha chumvi ya mbolea. Mwagilia maji mengi yapite chini yaondoke nayo.

Nyanya changa zenye rangi ya zambarau chini ya majani huwa zimekosa fosforasi, au mizizi imepoa kwa udongo uliolowa kwa muda mrefu. Na yale majani mawili ya kwanza kabisa, yanayotoka na mbegu, hunyauka yenyewe yakimaliza kazi yake. Hayo yaache.

Majani machanga ya dodo langu ni ya manjano, na kila asubuhi natia majivu kufukuza wadudu. Mbona hayasaidii?

Inawezekana majivu ndiyo yanayoleta shida. Shangazi mmoja, jirani yangu, alikuwa akimwaga majivu ya sigiri kwenye beseni la dodo kila alfajiri, kwa nia njema. Nilipoinama nikaona chipukizi zimepauka, vishipa vikiwa kijani, na udongo umefanya ganda la kijivu ambalo kidole hakikuweza kulitoboa. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na yakizidi, chuma kilichomo udongoni mizizi haiwezi kukinyonya. Mche unashinda njaa karibu na chakula.

Tulikwangua lile ganda, tukachanganya mboji iliyooza vizuri, na majivu yakakoma. Baada ya wiki kama tatu majani mapya yalitoka kijani. Yale ya zamani yalibaki na manjano yao mpaka mwisho, kwa hiyo unapongoja nafuu, tazama yanayochipuka.

Kilichonitisha siku ile kilikuwa kando ya beseni: chupa ya soda yenye maji meupe kama maziwa. Alikuwa ameiuziwa na mchuuzi kama "dawa ya manjano." Haikuwa na lebo, wala yeye hakujua ni nini. Mjukuu wake wa miaka 3 alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo.

Miche yangu ni mirefu, myembamba, na inaanguka. Ni ugonjwa?

Kama inarefuka na kuinamia dirishani, ni kiu ya mwanga. Vyumba vyetu vina dirisha moja, nalo mara nyingi linatazama ukuta wa jirani. Sogeza kopo dirishani na uligeuze kila siku. Ukitoa miche nje, anza kwa saa moja au mbili za jua la asubuhi, kisha uongeze kidogo kidogo, la sivyo majani yatababuka mabaka meupe.

Ikianguka ghafla, na shina limekuwa jembamba na la kahawia pale linapotoka udongoni, hiyo ni kinyaushi. Huletwa na ukungu wa udongoni unaopenda unyevu na msongamano. Mche ulioanguka hauponi. Utupe pamoja na udongo wake, uoshe kopo, usie mbegu chache zaidi.

Kuhusu maji, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, ngoja kesho. Toboa matundu chini ya kopo kwa msumari uliopashwa moto, na sahani iliyo chini uimwage kila siku, maana maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu, na malaria tunayo ya kutosha.

Kuna vidoa vidogo vingi. Nitajuaje kama ni wadudu?

Geuza jani. Wadudu wengi hukaa upande wa chini, na tochi ya simu itakuonyesha. Vidoa kama ncha ya sindano pamoja na utando mwembamba ni utitiri. Kundi la vijidudu laini kwenye chipukizi, na majani yananata, ni vidukari. Vikiruka vijidudu kama vumbi jeupe ukitikisa mche, ni inzi weupe, na hao kwenye nyanya hubeba virusi vya kukunja majani. Mche wa nyanya uliodumaa, majani yamekunjika juu kama kikombe na kingo ni za manjano, ung'oe upesi kabla haujaambukiza mingine. Hakuna dawa ya kuponya virusi hivyo.

Kwa wadudu wengine, yafute majani kwa kitambaa chenye maji, hasa chini. Wakirudi, koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ujaribu kwanza kwenye jani moja. Likibaki salama kesho yake, nyunyiza jioni na usuuze baadaye. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie, inaunguza.

Je, nipulize dawa ya shambani ndani ya chumba?

Hapana. Nalisema hili kwa mkazo wote nilio nao.

Nyingi za dawa hizi zimetengenezwa kwa shamba la wazi lenye upepo, na mtu aliyevaa glavu, buti na barakoa. Chumbani mvuke unabaki kwenye godoro, chandarua, sufuria na sakafu anayotambaa mtoto. Halafu hazitibu tatizo lenyewe. Dawa ya ukungu kama mankozebu, ile inayoacha vumbi kwenye nyanya za sokoni, haiwezi kumpa mche naitrojeni. Mwishoni mwa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiidhinisha upya dawa hiyo, kwa sababu zikiwemo za afya ya binadamu. Huku kwetu inanunuliwa kama chumvi.

Ukilazimika kununua dawa kwa shamba la nje, nunua kwenye duka lenye leseni, ikiwa kwenye chombo chake kilichofungwa. Tazama ukanda wa rangi kwenye lebo: mwekundu ni hatari kuliko yote, kisha wa manjano, wa buluu, na wa kijani ndio wa chini. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Na kopo lililowahi kubeba dawa au rangi ya ukuta usilioteshee mboga.

Mtu akivuta au kumeza dawa, nitaonaje, na nifanye nini?

Kundi moja la hatari la dawa za wadudu huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Mtu hutokwa mate, machozi na jasho jingi, hutapika, huharisha, mboni za macho hunywea kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, pumzi hukwama. Kwa mtoto mambo huenda haraka sana.

Mtoe penye hewa safi. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi, wewe mwenyewe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Jicho lisuuze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mayai mabichi. Akilegea, mlaze ubavuni. Mkimbize hospitalini mara moja, na ubebe kile chombo chenye lebo, kwa sababu daktari anahitaji jina la sumu ili achague tiba. Kwa kundi nililolitaja kuna dawa ya kuokoa maisha, atropini, lakini inafaa tu mgonjwa akiwahi.

Naweza kutumia samadi ya kuku au mkojo?

Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya kuharisha. Iache ioze kwanza kwa miezi kadhaa. Mkojo una naitrojeni nyingi kweli. Changanya kikombe kimoja na vikombe kumi vya maji, mwagia udongoni bila kugusa majani, na uache mwezi mzima kabla ya kuvuna.

Majani yenye manjano au yaliyotobolewa na wadudu yanalika?

Yanalika. Virusi vya mimea havimwambukizi binadamu, na upungufu wa rutuba kwenye jani hauna sumu. Yaoshe kwa maji safi, uyapike. Yaliyooza au yenye ukungu yatupe. Kama mmea ulipuliziwa dawa, hesabu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye lebo. Kuosha peke yake hakuondoi dawa iliyopenya ndani ya jani.

Na yapikeni kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa Uganda wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Chuma cha mboga za majani mwili hukipokea kwa shida, kwa hiyo kamulia ndimu dodo likishaiva, na chai iwe mbali na chakula. Majani yaliyochakaa wape kuku, mradi hayakuguswa na dawa.